Kinachouzwa ni kiti cha matatu, msitu ni nyongeza

Siku za kazi, kituo cha Witeithie kwenye barabara kuu ya Thika hujaa mapema watu wa viwandani na wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri huonekana abiria wa aina nyingine: buti miguuni, begi mgongoni, chupa mbili za maji, na mkate wa Broadways uliobanwa chini ya koti la mvua. Hawa hawaendi kazini. Wamelipa ili wakachoke.

Witeithie yenyewe haina mlima, wala msitu wa kutajwa. Wadi hii ya eneo bunge la Juja ni nyumba za kupangisha, ploti za futi 50 kwa 100 na vumbi la ujenzi usioisha. Lakini imekaa mahali pazuri kibiashara. Mlima wa Kilimambogo uko upande wa mashariki, msitu wa Kieni na safu ya Aberdare ziko magharibi na kaskazini, na msitu wa Karura uko njiani kuelekea jijini. Kote huko mtu anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja bila kulipia malazi, na hapo ndipo biashara nzima ya matembezi ya msituni ilipopata soko lake.

Ukitaka kuielewa biashara hii, anza na gari, miti itafuata. Mwandalizi wa kawaida hana ofisi. Ana kundi la WhatsApp, picha za safari zilizopita, namba ya M-Pesa na dereva anayemfahamu. Tuchukue hesabu ya mfano. Matatu ya viti 14 inakodishwa kwa shilingi 10,000, mwongozaji analipwa 2,500, kiingilio langoni ni 300 kwa kila kichwa, na kila abiria anatozwa 1,800. Mwandalizi akikalia kiti kimoja, wateja ni 13, ingawa viingilio ni vya watu 14. Baada ya gharama zote hubaki na shilingi 6,700. Sasa wateja wanne waamke na mvua, waamue kulala. Gari halipungui bei, mwongozaji hapungui bei, na mwandalizi anarudi Witeithie usiku na shilingi 700, kabla ya kuhesabu vocha na simu za wiki nzima.

Ndiyo maana amana hairudishwi. Ndiyo maana pia tangazo la safari hutaja nafasi zilizobaki kwa herufi kubwa na ugumu wa njia kwa herufi ndogo. Mwandalizi si mfanyabiashara wa misitu. Ni mfanyabiashara wa viti, na kiti kitupu ndicho adui yake. Msitu kwake ni kitu kilichokuwapo tangu zamani na kitakachokuwapo wiki ijayo.

Kilichowasha soko hili kwa wakazi wa Thika na Ruiru ni barabara kwanza. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, mtu wa Juja au Ruiru aliweza kufika mbali na kurudi kabla ya giza bila kupoteza nusu ya siku kwenye msongamano. Kisha ikaja korona. Kuanzia Aprili hadi Julai 2020, eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake lilifungwa, na mpaka wake upande huu uliwekwa kwenye daraja la mto Chania, pale Blue Post. Watu wa Witeithie walikuwa ndani ya uzio. Lango lilipofunguliwa, baa zilikuwa bado na masharti, kumbi za harusi vilevile, na ghafla kupanda mlima kukawa starehe halali kwa vijana ambao hapo awali wangekucheka ukiwaambia walipe ili watembee.

Bidhaa ya kwanza kwenye orodha ya karibu kila mwandalizi wa upande huu ni Kilimambogo, ambayo kwenye vitabu vya serikali ni Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk, iliyotangazwa mwaka 1967. Kutoka Thika unashika barabara ya Garissa, unapinda kuelekea mjini Donyo, na mlima umekusimamia mbele. Kilele kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, na kutoka langoni ni kilomita tisa hivi za kupanda ndani ya msitu. Njia ni barabara ya gari, kwa hiyo huwezi kupotea. Tatizo ni nyati, na ndiyo sababu watembeaji husindikizwa na askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Kwa mwandalizi mgeni, Kilimambogo ni shule nzuri: gari halisafiri mbali, kilele ni cha uhakika, na anayeshindwa kupanda anaweza kukaa kivulini akawasubiri wenzake.

Njiani kuna makaburi ya Sir William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyefariki mwaka 1925, na mkewe Lucie. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye shamba la Juja, lile lililomkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909, na jina lake bado liko juu ya mlango wa maktaba ya Nairobi. Mkazi wa Witeithie anayelipa kiingilio ili akapigie picha kaburi la McMillan hukaa jirani kabisa na ardhi iliyokuwa ya McMillan. Sijamsikia mwongozaji akiligusia hilo, na nadhani ni hasara ya kibiashara, maana hadithi haina gharama na huongeza thamani ya safari kuliko kinywaji cha bure.

Waandalizi wengi huunganisha mlima na Fourteen Falls kwenye mto Athi, kisha wanatoza zaidi. Hapo biashara inalipa deni la watu wengine. Mto unaoshuka kutoka Nairobi na viunga vyake huleta uchafu wa jiji, na zipo siku ambazo povu na harufu huwafanya wateja wamalize picha haraka na kuuliza gari liko wapi. Vijana wanaoruka majini kwa bahashishi pale hawana cha kuuza maji yakinuka.

Ngazi ya pili ni Aberdare. Mlima unaotafutwa zaidi ni Elephant Hill, unaoanzia kituo cha misitu cha Njabini, Kinangop Kusini, na kupita mita 3,500. Watu wa Nairobi hufika kwa barabara ya Naivasha. Watu wa Thika wana njia yao ya mkato: barabara ya Thika–Magumu, inayopita Gatukuyu na Mataara, ikachana msitu wa Kieni na kutokea Fly Over, kwenye barabara hiyo ya Naivasha. Kwa mwandalizi wa Witeithie njia hii ni pesa taslimu. Huokoa mafuta, na hukwepa foleni ya jiji wakati wa kurudi, saa ambayo dereva huanza kunung'unika kuhusu ziada.

Elephant Hill si Kilimambogo. Unaanza kwenye mashamba, unaingia mianzi yenye matope yanayovuta buti, halafu unatokea mahali ambapo wapandaji wenyewe wamepaita Kituo cha Kukata Tamaa, na kilele bado kiko mbali. Ndovu wapo kweli, kwa hiyo kundi hutembea na askari wa misitu. Baridi hushuka bila kubisha hodi. Kwa bei, tofauti kati ya safari hii na ile ya Kilimambogo huwa mia chache tu za shilingi. Kwa hatari, tofauti ni kubwa mno. Hapo soko limekosea bei, na limekosea kwa kujua. Mteja hulinganisha nauli. Hamwulizi mwandalizi kama ana sanduku la huduma ya kwanza, kama kuna mtu wa kubaki nyuma na wanaolegea, au kama kuna bima. Sheria ya Utalii ya 2011 inataka waendeshaji wa safari wawe na leseni. Makundi mengi ya WhatsApp hujiita marafiki wanaochangia gharama, na marafiki hawaombi leseni.

Kereita, upande wa Lari, ni biashara ya namna nyingine kabisa. Msitu ni wa serikali, lakini mwekezaji amepewa kibali cha kuweka nyaya za kuteleza juu ya mabonde, baiskeli za milimani na ulengaji mishale. Mteja analipia mchezo, si matembezi, na bei yake hupanda kufuatana na michezo anayochagua. Ni mahali pa kampuni kuleta wafanyakazi wao mwisho wa mwaka. Mwandalizi mdogo wa Witeithie hapapendi sana, kwa kuwa pesa inaishia kwa mwenye nyaya na yeye anabaki na faida ya kiti peke yake. Kwa mwenye msitu, hata hivyo, mkataba wa namna hii una jambo moja la maana: kuna mtu mmoja anayejulikana ambaye njia ikiharibika anapata hasara.

Kwingineko mtu huyo hayupo. Mvua za Machi hadi Mei zinakata makorongo kwenye njia za Aberdare, watembeaji wanakwepa matope kwa kukanyaga pembeni, na njia ya upana wa mtu mmoja inakuwa uwanja wa tope wa upana wa lori. Nani alipe kuitengeneza? Mwandalizi hana mpango. Mteja anaamini amekwisha kulipa. Kiingilio huenda kwa Shirika la Huduma za Misitu (KFS) au KWS, na tangu serikali ilipoamuru malipo yake yote yapitie eCitizen na namba ya malipo 222222, hata karani wa langoni anaona ujumbe wa simu tu. Pesa yenyewe haioni.

Karura ndiyo iliyotoa jibu tofauti. Msitu huo wa hekta 1,041 ulinusurika kugawiwa wajenzi katika miaka ya tisini, vita ambamo mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa Januari 1999. Miaka kumi baadaye ilikuwa bado mahali pa kuogopwa. Kisha chama cha jamii, Marafiki wa Msitu wa Karura, kikaingia makubaliano na KFS: uzio wa umeme, walinzi, malango, na kiingilio kidogo kilichotumika papo hapo kulipa walinzi, kung'oa miti ya kigeni na kutunza zaidi ya kilomita 50 za njia. Watu wakaja, pesa ikaja, njia zikabaki. Agosti 2025 KFS ikaagiza malipo ya Karura nayo yahamie eCitizen, na Marafiki wakaenda mahakamani. Mabishano yalivuma kama siasa, lakini kiini chake ni cha kihasibu: shilingi iliyolipwa langoni ilale wapi usiku?

Marekani, ambako misitu ya kitaifa ni 154 na njia zake zinapita kilomita 250,000, swali hilo liliandikwa kwenye sheria mwaka 2004. Kwa kawaida asilimia 80 au zaidi ya ada za burudani hubaki mahali zilipokusanywa. Sisemi misitu yao haina matatizo. Njia nyingi huko hutunzwa na watu wa kujitolea kwa sababu bajeti haitoshi. Lakini mlipaji ana ahadi ya kisheria kwamba sehemu kubwa ya pesa yake itatumika pale pale alipoilipa. Sheria yetu ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inavitambua vyama vya jamii vya misitu na haki yao ya kufanya utalii. Ulinzi wa namna hiyo kwa mapato yao ndio unaokosekana.

Wakati hayo yakibishaniwa, pesa ya haraka inapita pembeni. Wauza mitumba wa Thika wameelewa zamani kwamba buti ya milimani iliyovaliwa Ulaya mara mbili ina mteja tayari, na bei yake huongezeka Januari watu wanapoweka nadhiri za afya. Waongozaji wa Njabini wenyewe huvaa gambuti, na wana haki. Mpiga picha hulipwa kwa siku na huleta wateja wa wiki ijayo, hivyo waandalizi wajanja humpa kiti cha bure. Penye magari ya wageni kuna fimbo za kuuza, chapati, mayai ya kuchemsha na chai ya tangawizi. Hiyo chai, kwa maoni yangu, ndiyo biashara yenye faida safi kuliko zote kwenye mnyororo huu: mteja anashuka akitetemeka na habishani bei.

Msimu unaamua mengine. Januari na Februari viti hujaa. Aprili mwandalizi mwenye busara hurudi Kilimambogo, kwenye barabara imara, na kuiachia mianzi ya Njabini iloe peke yake. Julai ukungu hufunika vilele na picha hazitoki. Agosti wanafunzi wana nafasi ila hawana pesa, na ndipo safari za Karura kwa matatu ya kawaida, bila gari la kukodi, hushika kasi.

Kati ya yote hayo, msitu ulio karibu na njia ya watu wa Thika kuliko yote ya Aberdare, Kieni, magari huupita yakielekea kwingine. Una ndovu, una baridi yake, na jina lake limechafuliwa na habari za miili iliyotupwa humo, jambo ambalo hakuna tangazo la WhatsApp litakalolifuta. Ungehitaji kile Karura ilichohitaji: lango, walinzi wanaoonekana, mapito yaliyowekwa alama na chama cha jamii chenye akaunti. Nauli ya kutoka Witeithie ingekuwa ndogo kuliko ya Njabini. Kwa hesabu ile ya viti 13, gari likipungua bei kwa shilingi 3,000, mwandalizi angeweza kukiachia chama shilingi 100 kwa kila mteja na bado akarudi nyumbani na faida ya ziada ya shilingi 1,700.