Meseji za Wateja Wako Zinalala Wapi?

Wauzaji wa mtandaoni, leo tuongelee kitu tunachokitumia kuanzia asubuhi mpaka usiku: meseji za wateja. Jina la mteja, namba yake, mtaa anaokaa, mzigo alioagiza, hela aliyotuma. Vyote vinapita kwenye simu yako. Je, vikishapita vinalala wapi?

NJIA YA KWANZA: KUPITIA SEVA
Ukimwandikia mteja WhatsApp, meseji haiendi kwake moja kwa moja. Inapita kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni. Mteja akiwa hayupo hewani, seva inamtunzia mpaka arudi. Ndo maana unaona tiki moja.

Tangu 2016 WhatsApp inafunga meseji kwa usimbaji, kwa hiyo maneno yenyewe yanafunguka kwenye simu yako na ya mteja tu. Ila ni kama barua kwenye bahasha: ndani hapasomeki, lakini juu panaonekana nani kamwandikia nani na saa ngapi.

Halafu seva zikizima, wote tumezima. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Instagram na Facebook zilikatika kwa pamoja kwa karibu saa 6. Hawakudukuliwa. Ilikuwa kosa kwenye matengenezo ya mtandao wao wenyewe. Muuzaji aliyetegemea DM peke yake hakuwa hata na namba ya kumpigia mteja.

NJIA YA PILI: SIMU KWA SIMU
Kuna watengenezaji walioamua kuitoa seva ya katikati kabisa. Mfano mzuri ni Briar, programu ya bure ya Android. Haikuombi namba ya simu wala barua pepe. Meseji zinakaa kwenye simu zenu tu. Intaneti ikiwepo, zinapita kwenye mtandao wa Tor, unaoficha nani anaongea na nani. Intaneti ikikatika, simu zilizo karibu zinatumiana kwa Bluetooth au Wi-Fi.

Tamu, sivyo? Sasa sikia gharama yake:
- Hakuna seva ya kutunza meseji, kwa hiyo simu zote mbili lazima ziwe hewani muda mmoja. Dawa waliyoitoa ni programu ya pili, Briar Mailbox, unayoiweka kwenye simu nyingine iliyo kwenye chaji muda wote.
- Programu inabaki macho wakati wote, kwa hiyo inakula chaji.
- Ukisahau nywila, imekula kwako. Hakuna kampuni yenye ufunguo wa akiba.

Hata Skype ilianza hivi 2003, kompyuta kwa kompyuta. Simu za mkononi zilipoenea, mtindo ule ukawa mzito kwa betri, na ikahamia kwenye seva za Microsoft. Kwa hiyo ukiona programu nyingi zinatumia seva, ujue urahisi una bei yake, na usiri nao una bei yake.

SASA WEWE UFANYEJE?
Tuwe wakweli: mteja hatapakua programu mpya ili anunue gauni moja. Mfuate alipo. Njia ya simu kwa simu inaweza kukufaa wewe na mwenzako wa stoo, mnapoongea bei za kununulia au majina ya wanaowaletea mzigo. Ila kanuni za hao watengenezaji unaweza kuzitumia leo hii kwenye duka lako:

1. Usichokusanya hakiwezi kuvuja. Kupeleka mzigo unahitaji jina, namba na mahali. Picha ya kitambulisho ya nini?

2. Angalia nakala ya akiba. Meseji zimefungwa njiani, sawa, lakini nakala inayokwenda Google Drive haina usimbaji huo mpaka uuwashe mwenyewe. Ingia Mipangilio, kisha Gumzo, kisha sehemu ya nakala. Andika nywila yake kwenye daftari la nyumbani, maana ukiisahau hakuna wa kukusaidia.

3. Weka PIN ya tarakimu 6 ya uthibitishaji wa hatua mbili. Mtu akiteka laini yako, PIN hiyo ndo inamzuia kufungua WhatsApp yako na kuanza kuomba hela kwa wateja wako.

4. Orodha ya wateja iwe na makao mawili. Simu na daftari. Simu ikiibiwa Kariakoo saa 5, saa 6 uwe unaweza kuwapigia wenye oda.

5. Ukiposti skrinishoti ya malipo kuonyesha kwamba watu wananunua, futa jina na namba. Siyo ustaarabu tu: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Mteja aliyekupa namba yake amekupa amana. Akianza kupigiwa na matapeli wiki moja baada ya kununua kwako, hatauliza seva iko wapi. Atakukumbuka wewe, na harudi tena.

Haya, simu yako ikipotea leo, ni wateja wangapi unaweza kuwapata kesho? Tuambie kwenye komenti, na mtumie muuzaji mwenzako posti hii.