Vifaa vya breli si zawadi ya kampeni

1/ Kila kampeni utasikia: "Tutawajali wasioona." Sawa. Na vifaa vya breli, vitalipiwa na nani?

2/ Mbona ni ghali? Kwenye kile cha kuunganishwa na simu ama kompyuta, kila herufi ina vijipini 8 vinavyopanda na kushuka. Mstari wa herufi 40 ni vijipini 320.

3/ "Si simu inasoma kwa sauti?" Inasoma, ndio. Lakini mtoto hajui tahajia wala hesabu kwa kusikia tu.

4/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 54: breli na vifaa ni haki.

5/ Akija kuomba kura, muulize: vingapi, shule gani, na vikiharibika nani atatengeneza?