Mgonjwa Asipokohoa Usishangilie Upesi

Kina mama wa makanisa yetu ya Kibaha na Kisarawe wana desturi njema ya kwenda kumwona mgonjwa wakiwa na chupa ya uji. Huduma hiyo humpendeza Bwana. Lakini mgonjwa akiwa amepatwa na kiharusi, uji huo huo waweza kumfikisha pabaya. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumzie koo.

Kooni njia mbili hukutana, ya hewa na ya chakula. Tunapomeza, zoloto hupanda, kifuniko chake hulala, na nyuzi za sauti hujifunga; kufumba na kufumbua kazi imekwisha. Chembe ikikosea njia tunapaliwa, tunakohoa mpaka machozi yanatutoka. Kikohozi kile ni mlinzi ambaye Muumba alimweka mlangoni. Kiharusi kinaweza kumlaza mlinzi huyo usingizi. Uji hupita kimya kimya mpaka mapafuni, mgonjwa hakohoi, nasi twafurahi: "Leo mama amekula vizuri!" Siku mbili tatu baadaye homa imepanda na anahema kwa shida. Ni nimonia.

Wala kiharusi si jambo la mbali. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba Dar es Salaam, jirani zetu wa mlango kwa mlango, hesabu ikishasawazishwa kwa umri, watu wapatao 316 katika kila 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mwaka. Wilaya ya Hai kule Kilimanjaro walikuwa 109 hivi.

Je, mlinzi aliyelala hugunduliwaje? Kumgusa mgonjwa kooni kwa kijiti ili kuona kama atataka kutapika hakutoshi, kwa sababu hata wenye afya wapo wasioshtuka. Mwaka 1988 huko Marekani, Susan Langmore na wenzake walieleza kipimo cha kuona kwa macho. Bomba jembamba lenye taa na kamera hupitishwa puani mpaka juu ya zoloto, kisha mgonjwa hupewa chakula kilichotiwa rangi. Mpimaji hutazama kinapokwenda. Katika miaka ya 1990, Jonathan Aviv akaongeza pumzi ya hewa inayopulizwa kwenye ngozi laini ya zoloto ili kuona kama nyuzi za sauti zitajifunga. Nao wataalamu wa Hannover, Ujerumani, wametengeneza chombo kinachorusha tone dogo la maji badala ya hewa. Picha za kamera humwonyesha mpimaji mahali tone litakapoangukia, na kamera ya kasi huhesabu muda mfupi unaopita kabla nyuzi hazijajifunga. Sisi tumevutiwa sana na tone hilo: tone tu, na linamwamsha mlinzi!

Huku kwetu kipimo cha kwanza ni kijiko cha maji. Muuguzi humkalisha mgonjwa wima, humpa maji kidogo kidogo na kumsikiliza. Akikohoa, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, hapewi kitu mdomoni mpaka daktari aamue. Basi mgonjwa wa kiharusi asilishwe chochote, hata dawa, kabla hajapimwa hivyo hospitalini, iwe ni Tumbi au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe.

Akisharuhusiwa, msimlishe akiwa amelala, hata kama mmetoka mbali na mna haraka ya kurudi. Akae wima, apewe kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo kifuate kingine, na msimsemeshe wakati huo. Sala na nyimbo zitangoja. Chai na maji, tunavyoviona vyepesi, ndivyo hukimbia upesi kumshinda, basi muulizeni muuguzi uji uwe mzito kiasi gani. Akimaliza abaki ameketi nusu saa, na mdomo wake usafishwe, maana mabaki ya chakula na uchafu wa meno navyo huteremka mapafuni usiku.