Kabla ya kununua simu ya setilaiti, uliza ni nani atakayekusikia

Disemba miaka miwili iliyopita tulitoka Lamu kwenda Kiunga kwa arusi ya binti wa mjomba wangu. Ndani ya boti tulikuwa watu kumi na mmoja, wakiwemo mamangu, mke wangu na watoto wanne. Kitindamimba wetu ana pumu. Tulipoipita Kiwayu, mashine ikazimika. Nahodha akaifungua, akaifunga, akaivuta kamba hadi viganja vikamchubuka. Jua likazama. Tukatia nanga, na hiyo nanga ndiyo iliyotuokoa, maana bila yake tungesukumwa hadi kwenye miamba.

Mimi sikuwa na wasiwasi mwanzoni. Nilikuwa na simu ya maana, pawabanki imejaa, laini mbili za mitandao tofauti. Nilijiona nimejiandaa kuliko wote. Lakini mtandao haukuwepo, si wa laini hii wala ya ile, na hiyo simu ikabaki kuwa tochi.

Tulilala baharini. Mtoto alikohoa usiku kucha na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebakia kidogo. Alfajiri wavuvi waliokuwa wakirudi na nyavu zao wakatuona, wakatufunga kamba na kutuvuta hadi Mkokoni.

Kilichoniuma zaidi nilikijua tulipofika. Kiunga walidhani tumeahirisha safari na kulala Lamu. Lamu walidhani tumefika salama, basi tu tumeshughulika na mambo ya arusi. Kwa hivyo usiku ule hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyekuwa akitutafuta. Mamangu alinitazama akasema, "Mwanangu, mngaliwaambia saa tu." Niliwaambia "tutafika jioni inshallah", na jioni ya kwetu haina mwisho.

Tangu hapo nimeuliza manahodha, nimeuliza mafundi, nimesoma. Watu wengi hunijia na swali moja: ninunue kifaa gani? Mimi huwarudishia swali jingine. Ukibonyeza kitufe, au ukipiga kelele, ni nani atakayesikia, na atafanya nini? Kila kifaa kina msikilizaji wake, na asiyemjua msikilizaji wake amenunua pambo.

Nianze na simu ya kawaida, kwa sababu ndiyo tuliyo nayo sote na ndiyo tusiyoijua vizuri. Mtandao unapokuwa hafifu, sauti hukatika lakini ujumbe mfupi mara nyingi hupenya, kwani unahitaji nafasi ndogo tu. Andika ujumbe, utume, uiache simu ijaribu. Usiiache ikitafuta mtandao siku nzima, hiyo ndiyo kazi inayomaliza betri haraka kuliko nyingine. Izime au iweke katika hali ya ndege, uiwashe pahali palipoinuka au kwa saa mlizoafikiana. Pia simu yako inaweza kukuonyesha mahali ulipo hata pasipo mtandao wowote, kwani inapokea ishara za setilaiti moja kwa moja. Jifunze leo, ukiwa nyumbani, wapi pa kuzisoma zile namba mbili za mahali ulipo. Uwaambie wanaokutafuta namba hizo badala ya "tuko mbele kidogo ya Kiwayu". Mbele kidogo ya Kiwayu ni bahari nzima.

Namba 112 ina faida ambayo wengi hawaijui. Simu za GSM zimeundwa ili namba hiyo iweze kupitia mnara wa kampuni yoyote ulio karibu, hata kama laini yako haina mtandao pale. Kwa hivyo ukiona maandishi kwamba unaweza kupiga simu za dharura pekee, usikate tamaa, piga. Mkononi uwe pia na 999 ya polisi na 1199 ya Msalaba Mwekundu, isiyolipishwa. Lakini pasipokuwa na mnara wowote, hata 112 ni namba tu.

Kwa safari ya barabarani, kama ya kupanda Garsen, Witu na Lamu, au kuelekea Hola, mimi naona familia nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Ongeza kabambe yenye laini ya mtandao wa pili, ambayo betri yake hukaa siku kadhaa, na namba za watu wanne zilizoandikwa kwenye karatasi. Karatasi, ndiyo. Simu ikizima, nani kati yenu anakumbuka namba ya shemeji yake?

Baharini mambo hubadilika. Huko kifaa cha kwanza ninachokiamini ni redio ya VHF ya mkononi. Mkondo wa 16 ndio wa dharura na wa kuitana dunia nzima, na uzuri wake ni kwamba hauongei na mtu mmoja. Kila chombo chenye redio iliyowashwa kinakusikia, na aliye karibu zaidi ndiye awezaye kukuokoa. Mombasa kipo kituo cha kuratibu uokoaji baharini tangu 2006. Lakini mawimbi ya VHF huenda kwa mstari ulionyooka. Redio ya wati 5, kutoka boti ndogo hadi boti ndogo nyingine, hufika maili chache tu za baharini, na kisiwa au kilima kikikaa katikati, basi. Ukikaa chini ndani ya boti umejipunguzia masafa, simama ukiweza. Na mavuvi mengi madogo ya kwetu hayana redio, hilo tusidanganyane. Wale wavuvi waliotuokoa hawakuwa nayo.

Namna ya kuitumia ifundishwe kwa kila mtu mzima aliyemo, si nahodha peke yake, maana nahodha anaweza kuwa ndiye aliyeumia. Sema "mayday" mara tatu, jina la chombo, mahali mlipo, lililowapata, na idadi ya watu. Kisha achilia kitufe usikilize. Nimeona mtu akibonyeza dakika tatu mfululizo akilia, asijue kwamba muda wote huo hakuna awezaye kumjibu.

Jambo la leseni nalitaja upesi ila ni zito. Redio hizi na vifaa vya setilaiti viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Uliza kibali kabla ya kununua, na tembea na karatasi zake. Huku kwetu kaskazini, kuelekea Boni na mpakani, askari wa kizuizini akikukuta na kidude chenye antena usichoweza kukieleza, safari yako itaishia hapo.

Sasa setilaiti. Simu ya setilaiti yenyewe hukupa sauti mahali popote penye mbingu wazi. Mtandao wa Iridium una setilaiti 66 zinazoizunguka dunia yote. Ila ni ghali, ina malipo ya kila mwezi, na ikikaa mwaka mzima kabatini utaikuta betri imekufa. Kwa familia naona si chaguo la kwanza. Bora vile vifaa vidogo vya ujumbe kama Garmin inReach, vinavyotumia mtandao huohuo wa Iridium: unaandika, unajibiwa, na kina kitufe cha dharura. Kuna na kifaa cha tatu, kile cha kutoa ishara kwa masafa ya 406 MHz, kinachosikizwa na mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat ulioanza kuokoa watu mwaka 1982. Hicho hakina ada ya mwezi, betri yake hukaa miaka, lakini hakikujibu, na lazima kisajiliwe kwa jina na namba za jamaa zako. Kisiposajiliwa, wapokeaji hawana wa kumpigia kuuliza kama kweli uko safarini. Ama zile simu za kisasa zinazotangazwa kutuma ishara kwa setilaiti, usizihesabu. Huduma hiyo hufunguliwa nchi kwa nchi, na mpaka naandika haya sijaiona ikifunguliwa kwa Kenya.

Hapa ndipo swali langu linaporudi. Ukibonyeza kitufe cha inReach ukiwa Kiwayu, ishara haiendi Lamu. Inaenda kituo kilichoko Texas, Marekani. Wao ndio watakaowatafuta waokoaji wa Kenya, na watampigia yule uliyemwandikisha kuwa mtu wako wa dharura. Simu itaingia kwa namba inayoanza na +1, saa nane za usiku. Nani kwenu huipokea simu kama hiyo? Sisi tumezoea kusema ni matapeli, tunakata. Kwa hivyo mtu wako awe ameambiwa, ahifadhi namba, na ajue majina ya wasafiri, rangi ya boti, njia mnayopita na mgonjwa aliyemo.

Kwetu kazi hiyo tumempa shangazi wa Kiunga, kwa kuwa halali mapema na hamwonei mtu haya. Tumeafikiana naye saa kamili. Tukitoka anapata ujumbe. Saa moja baada ya wakati wa kufika, asiposikia kitu anatupigia sote. Saa mbili, anamwendea kiongozi wa wavuvi na kuwapigia polisi. Hangoji asubuhi na hamuulizi mtu ruhusa. Na sisi tukibadilisha nia, hata kwa kulala njiani tu, ni juu yetu kumwambia.

Kifaa cha ujumbe tumechangishana familia nne, anakichukua anayesafiri na kukirudisha kikiwa kimejazwa moto. Mwaka jana tulikijaribu tulipofika palepale tulipolala na mtoto wangu. Niliandika: "Tumepita Kiwayu, salama, saa kumi na robo." Dakika kadhaa zikapita, tukakaa kimya wote tukikitazama. Kisha jibu la shangazi likaingia: "Nimepata. Mtoto amevuta dawa yake?"