Rekodi za mipaka tuliyochorewa

Karatasi iliyogawa mengi kwa mpigo mmoja ni ya tarehe 1 Julai 1890, Mwingereza na Mjerumani walipotia saini mkataba wao mjini Berlin. Mjerumani alipata Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilomita za mraba 2. Mwingereza akaachiwa Zanzibar, Unguja na Pemba zote. Wazanzibari hawakuulizwa.

Mkataba huohuo ulizaa mpaka wa ajabu kuliko yote barani. Mjerumani alitaka kuufikia mto Zambezi ashuke nao hadi Bahari ya Hindi, akakatiwa ukanda wa Caprivi: urefu kilomita kama 450, upana pengine 30 tu. Mbele kidogo mto unaporomoka zaidi ya mita 100 pale kwenye maporomoko ya Victoria, na meli ya kupita hapo haijaundwa. Ukanda wenyewe Namibia imeurithi. Unapoishia, Kazungula, ndipo penye mpaka mfupi: Zambia na Botswana zinagusana kwa mita kama 150. Daraja lililofunguliwa hapo mwaka 2021 limepindishwa makusudi lisiingie Zimbabwe.

Kwa Watanzania, rekodi inayouma ni ya Ziwa Nyasa. Mkataba ule uliuweka mpaka kwenye ufuo wa mashariki. Malawi inashikilia maandishi hayo. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Tukifuata Malawi, mvuvi wa Mbamba Bay anayesukuma mtumbwi jioni kwenda kuvua dagaa amevuka mpaka kabla hajashika kasia, na mama anayesuuza sufuria maji yakimfika magotini yuko nchi ya watu. Mwaka 1964 huko Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikubaliana kuheshimu mipaka kama ilivyokutwa siku ya uhuru, na Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo. Malawi haijalisahau.

Nchi nyembamba kuliko zote Afrika bara ni Gambia, isiyofika kilomita 50 kwa upana, imebanwa na Senegal kila upande isipokuwa baharini.

Kwa kugawanywa, ni vigumu kuwashinda Wasomali: Mwingereza, Mwitaliano, Mfaransa, Ethiopia, kisha kaskazini mwa Kenya. Nyota ya bendera yao ina pembe tano kwa sababu hiyo. Azimio la Cairo walilikataa. Mwaka 1977 wakaingiza jeshi Ogaden, upande wa Ethiopia, mwaka uliofuata wakarudishwa nyuma.

Na ardhi isiyotakiwa na mtu? Bir Tawil, jangwa la kilomita za mraba 2,060 kati ya Misri na Sudan. Mwingereza alichora mstari mmoja mwaka 1899, mwingine mwaka 1902. Misri inang'ang'ania wa kwanza, Sudan wa pili, kwa kuwa kila mmoja hapo anapata Halaib, pakubwa zaidi na penye pwani ya Bahari ya Shamu. Atakayeidai Bir Tawil, Halaib imempita.