Bata Asiyeuzwa Anavyoulisha Mji wa Stuttgart

Ukiagiza bata kwenye mkahawa wowote wa Marekani, utakacholetewa ni bata wa kufugwa. Bata wa porini aliyepigwa na mwindaji hawezi kuandikwa kwenye orodha ya vyakula, kwa kuwa sheria inakataza nyama yake kuuzwa. Hata hivyo, katika jimbo la Arkansas kuna mji wa wakazi wapatao 8,000, Stuttgart, unaojitangaza kuwa makao makuu ya mpunga na bata duniani. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi mwisho wa Januari vyumba vya kulala wageni hujaa, maduka ya vifaa hufunguliwa kabla ya alfajiri, na wakulima wanapokea kodi ya majaruba ambayo yameshavunwa. Biashara nzima imejengwa juu ya bidhaa isiyo na bei, na ninaamini ndiyo sababu imedumu.

Zamani bei ilikuwepo. Katika karne ya 19, kwenye ghuba ya Chesapeake, wawindaji wa soko walifunga bunduki kubwa mbele ya mashua na kuangusha ndege kwa makumi kwa mlio mmoja. Reli iliwafikisha Baltimore na New York wakiwa bado wabichi, na mahoteli yakashindana kuwaandalia matajiri. Njiwa wa porini aliyejulikana kama passenger pigeon, ambaye makundi yake yalifunika anga kwa saa nzima, aliuzwa kwa mapipa mpaka akaisha kabisa: wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilibana usafirishaji wa mawindo haramu kati ya majimbo, na mkataba wa 1916 na Uingereza kwa niaba ya Kanada ukazaa sheria ya 1918 iliyofunga soko lenyewe. Tangu hapo mwindaji anaweza kumla bata wake au kumgawia jirani, ila hawezi kumuuza.

Kwetu Afrika Mashariki tumeshaona soko la namna ile linavyokwenda. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walitega ndege wa majini kwa Furadan, dawa ya kuulia wadudu, wakawaokota korongo na bata waliolegea na kuwauza kama kitoweo. Mkulima mwenye shamba hakufaidika kwa lolote, na mlaji alinunua sumu pamoja na nyama. Ndege alikuwa na thamani akiwa mkononi mwa muuzaji tu. Akiwa hai majini hakuwa wa mtu.

Arkansas imegeuza hesabu hiyo. Udongo wa tambarare ya Grand Prairie una tabaka gumu la mfinyanzi chini yake, maji hayazami upesi, na ndiyo maana kilimo cha mpunga kilishika mizizi huko tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Leo jimbo hilo peke yake huzalisha karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani, na ushirika wa Riceland, ulioanzishwa na wakulima mwaka 1921, una makao yake Stuttgart. Mavuno yakiisha, punje zilizodondoka hubaki shambani. Mkulima huziba matuta, maji ya mvua au ya pampu yakatuama, na bata waliozaliwa Kanada na Dakota hushuka kwa maelfu kufuata njia ya mto Mississippi.

Wengi wetu hudhani mkulima anajaza shamba lake maji kwa ajili ya wawindaji tu. La hasha. Maji ya majira ya baridi huozesha mabua, na bata hula mbegu za magugu pamoja na mpunga mwekundu, ambao ni adui mkubwa wa mkulima wa huko. Masika yakifika, kazi ya kulima na kuchoma mabua inakuwa ndogo. Kodi ya mwindaji inaongezeka juu ya faida hiyo. Shamba moja linaingiza fedha mara mbili kwa mwaka: kwa mpunga wakati wa joto, kwa nafasi ya kukaa kwenye shimo la kujifichia wakati wa baridi. Mkulima wa mpunga wa kwetu, wa Mbarali au Mwea, ataielewa hesabu hii bila kufafanuliwa.

Kuzunguka kodi hiyo kumeota biashara nyingine nyingi. Kuna waongozaji wanaolipwa kwa siku, walimu wa mbwa aina ya Labrador wanaofundishwa kukaa kimya majini na kurudisha ndege bila kumtafuna, watengenezaji wa bata wa bandia, mafundi wa injini za boti zinazopita kwenye matope, na viwanda vya mavazi yenye rangi ya mabua. Huko Lonoke, mwendo mfupi tu kutoka Stuttgart, kampuni ya Remington ina kiwanda cha risasi. Duka la Mack's Prairie Wings limekuwa mahali pa kuhiji kwa wawindaji wa nchi nzima. Kampuni ya Rich-N-Tone ilianza mjini hapo mwaka 1976 kwa kuchonga filimbi za kuitia bata, na sasa filimbi zake zinapulizwa kila pembe ya bara hilo.

Filimbi inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo roho ya mji. Tangu mwaka 1936 mashindano ya dunia ya kuita bata hufanyika Stuttgart, katika wiki ya sikukuu ya Shukrani, jukwaani barabara kuu. Mshindi wa kwanza alipewa koti la kuwindia lenye thamani ya dola 6.60. Mshindani ana sekunde 90 za kuigiza mlio wa bata jike anayewaita wenzake walio mbali, kisha anayewabembeleza waliosita, kisha anayekula kwa utulivu. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hushangaa mbao na kijiulimi kidogo vinavyoweza kubeba hisia zote hizo. Bata anayezunguka juu, akasita, kisha akakunja mbawa na kushuka kwa sababu umemsemesha kwa lugha yake, humpa mwindaji furaha kuliko mlio wa bunduki. Wawindaji wazoefu watakuambia kwamba wapo radhi kurudi nyumbani mikono mitupu asubuhi ambayo ndege waliitikia.

Na wakirudi na kitu, si kingi. Kikomo cha kawaida katika njia ya Mississippi ni bata sita kwa siku, na kati yao malardi, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa, hawazidi wanne, majike wakiwa wawili tu. Msimu ni siku 60. Kila mwindaji mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea lazima anunue stempu ya serikali ya shirikisho, iliyoanza mwaka 1934 kwa dola moja na sasa ni dola 25. Senti 98 za kila dola huenda kununua na kukodi ardhioevu. Mpaka sasa stempu hiyo imekusanya zaidi ya dola bilioni 1.2 na kuhifadhi zaidi ya ekari milioni 6. Ongeza ushuru wa asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, ambao kwa sheria ya mwaka 1937 hurudi kwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori, na utaona kwamba mwindaji anamlipia bata kabla hajamwona. Marisau ya madini ya risasi yalipigwa marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, kwa kuwa bata waliyameza wakitafuta changarawe za firigisi na kufa kwa sumu. Ya chuma yaliyochukua nafasi yake yana gharama yake, na watu wakazoea.

Kisha kuna jiko, na hapa ndipo ninapomhurumia mtu anayejua bata wa dukani tu. Bata aliyenenepeshwa kwa mpunga ana nyama nyekundu iliyokolea, mafuta membamba ya rangi ya siagi, na ladha inayokaribia ng'ombe kuliko kuku. Anayekula samaki na konokono ni habari nyingine. Wapishi humchuna ngozi na kumtia viungo vingi. Malardi wa majaruba hunyonyolewa, kwa mkono au kwa kuchovywa kwenye nta iliyoyeyuka, ambayo ikiganda hubanduka na manyoya yote. Stuttgart ina maduka yanayofanya kazi hiyo kwa malipo: huduma inaruhusiwa, ila kila ndege anayeachwa hapo lazima afungwe kitambulisho chenye jina la mwindaji, anwani, idadi na tarehe ya kuwindwa.

Kidari huchanjwa kwenye ngozi, kikatiwa chumvi, kikawekwa ngozi chini juu ya kikaango cha baridi. Moto mdogo huyeyusha mafuta taratibu mpaka ngozi iwe kama ganda la mkate, kisha nyama inageuzwa kwa dakika chache na kuachwa itulie kabla ya kukatwa. Mamlaka za chakula zinashauri nyuzi 74 za Selsiasi. Wawindaji wengi huishia karibu na 57, katikati ikiwa bado ya waridi, kwa sababu kidari kilichoiva mno huwa kigumu na chenye ladha ya maini. Mapaja yanataka subira ya saa kadhaa ndani ya mafuta yake yenyewe. Mifupa na mabaki huingia kwenye gumbo: unga unakaangwa kwa mafuta mpaka uwe na rangi ya kahawa, kitunguu, pilipili hoho na figili mabua vinafuata, halafu supu, soseji na bamia, juu ya wali wa shamba lile lile. Wiki ile ile ya mashindano ya kuita bata timu hushindana kupika gumbo ya bata hadharani, na sharti la sheria halivunjwi: sufuria zinagawiwa, bata hauzwi.

Wasiwasi upo, na ni wa kiuchumi kadiri ulivyo wa kimazingira. Kodi za mashamba bora zimepanda hadi mtu wa kipato cha kawaida anategemea maeneo ya umma, kama vile Bayou Meto, ambayo jimbo lilianza kuyanunua mwaka 1948 na yana ekari zaidi ya 33,000. Huko hufurika msitu wa mialoni na bata huogelea kati ya miti wakila matunda yake, mandhari ambayo hakuna loji ya kibinafsi inayoweza kuiunda kwa fedha pekee. Umati umekuwa mkubwa kiasi kwamba tume ya wanyamapori imewawekea wageni wa majimbo mengine vikomo vya siku. Baridi nazo hazitabiriki: kaskazini kusipoganda, bata hawana haja ya kushuka, na loji iliyolipwa nusu ya fedha mapema inabaki na wateja wanaotazama maji matupu. Hesabu ya mwaka 2024 ilikadiria bata milioni 34 katika maeneo ya kuzaliana, chini ya wastani wa muda mrefu.

Tatizo zito zaidi liko kwenye mizizi. Kwa miongo mingi maji yaliingizwa msituni mapema vuli, kabla miti haijalala, ili wawindaji wakute pamejaa siku ya kwanza. Mialoni myekundu, yenye matunda madogo anayoweza kuyameza bata, ilidhoofika na kuanza kufa, na nafasi yake ikachukuliwa na aina yenye matunda makubwa mno kwa koo la ndege. Tume sasa inachelewesha maji na kuyaondoa mapema, inakarabati milango ya mabwawa, na baadhi ya wawindaji wamelalamika kwamba msimu unafunguliwa pakiwa pakavu. Nadhani tume iko sahihi na inapaswa kuungwa mkono hata na wenye loji, ambao siku chache za mwanzo ndizo zenye malipo makubwa. Mwaloni unaopandwa mwaka huu utahitaji karibu miongo miwili kabla ya kuzaa matunda ya kutosha, na mikataba ya kukodi ardhi jirani na misitu hiyo inatiwa saini sasa.