Kuzunguka Grenada kwa Siku Moja

Grenada ni kisiwa kidogo kusini mwa bahari ya Karibi, si mbali na pwani ya Venezuela. Urefu wake ni kilomita 34 hivi na upana haufiki 20, kwa hiyo anayekiangalia kwenye ramani hudhani gari litakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Haiwi hivyo. Katikati ya kisiwa kumejaa milima iliyozaliwa na volkano, mrefu kuliko yote ukiwa Saint Catherine wenye mita 840, na barabara zinaufuata mlima jinsi ulivyo: nyembamba, zenye kona za ghafla, ambako dereva hupiga honi kwanza ndipo akate. Ziara ya kukizunguka kisiwa hula siku nzima, na wageni wengi huifanya kwa kundi, ndani ya basi dogo, wakiongozwa na mtu mmoja ambaye mara nyingi ndiye dereva na msimulizi kwa pamoja.

Wageni hao ni wa aina mbili. Wapo waliolala hotelini, hasa karibu na ufuo wa Grand Anse, ambao wana siku kadhaa mbele yao. Na wapo wanaoshuka asubuhi kutoka meli za kitalii zinazotia nanga katika mji mkuu, St. George's, na ambao lazima wawe wamerudi melini kabla ya jioni. Kwa hawa wa pili saa ndiyo bosi. Ziara iliyouzwa na meli yenyewe hugharimu zaidi, lakini ikichelewa, meli husubiri. Anayejipatia teksi au basi nje ya lango la bandari hulipa kidogo na huweza kupatana bei, ila akikwama nyuma ya lori mlimani, meli haina habari naye. Hofu hiyo hulifuata kundi siku nzima, na akitokea mmoja wa kuzubaa dukani kila kituo, wenzake huanza kumkodolea macho kabla hata ya saa nne.

Kabla basi halijaondoka, mwongozaji mzuri hutoa maelezo machache ya lazima. Lugha ya nchi ni Kiingereza. Fedha ni dola ya Karibi ya Mashariki, ambayo tangu 1976 imefungwa kwa kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na dola za Marekani hupokelewa karibu kila mahali, ingawa chenji huweza kurudi kwa fedha ya kisiwani. Mavazi ya kuogelea ni ya ufuoni, si ya mjini. Na nguo zenye mabaka ya kijeshi zimekatazwa kisheria kwa raia, hata kofia ya mtoto. Sharti hili la mwisho huwashangaza wengi, na si mara moja mgeni amelazimika kurudi chumbani kubadilisha suruali.

Njia ya kawaida ya siku nzima hupanda pwani ya magharibi hadi ncha ya kaskazini, hushuka upande wa mashariki, kisha hukata milima kurudi mjini. Ya nusu siku huishia kwenye ngome, maporomoko ya maji na ziwa la mlimani. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko saa zinavyoonyesha, kwa sababu mambo yanayokitofautisha kisiwa hiki na vingine vya Karibi yako kaskazini.

Kituo cha kwanza cha maana upande huo ni Gouyave, mji wa wavuvi wenye ghala kubwa la mbao kando ya barabara kuu. Hapa ndipo kungumanga za wakulima hupokelewa na kutayarishwa. Msomaji aliyewahi kutembezwa kwenye mashamba ya viungo ya Unguja atalitambua tunda lenyewe: la manjano hafifu, linalojipasua likiiva na kuonyesha kokwa ya kahawia iliyovishwa utando mwekundu. Utando ni basibasi, na kiini kilicho ndani ya kokwa ndicho kungumanga. Lakini Unguja mgeni huonyeshwa mti; Gouyave huonyeshwa kazi. Kokwa hukaushwa kwa wiki kadhaa kwenye trei za mbao ghorofani, kisha huvunjwa, na viini humwagwa ndani ya maji. Kilicho kizima huzama, kilicho chepesi huelea na kutengwa kwa ajili ya mafuta. Kinamama waliokaa kwenye viti huchambua kwa mkono, kiini kimoja kimoja, kwa kasi ambayo jicho la mgeni halifuatilii, na magunia yaliyokwisha jazwa hupigwa chapa ya bandari yanakokwenda. Makokwa matupu hayatupwi. Humwagwa kwenye njia za bustani badala ya kokoto. Harufu ya mahali hapo hubaki kwenye nguo hadi jioni, na wasafiri wengi wakiulizwa baadaye walichokipenda, hutaja ghala hili kabla ya ufuo wowote.

Zao hili ndilo lililoipa nchi sura yake, kiasi cha kuchorwa kwenye bendera ya taifa, na kwa miaka mingi Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga baada ya Indonesia. Kisha, Septemba 2004, kimbunga Ivan kilipiga. Karibu majengo yote kisiwani yaliharibika kwa namna fulani, na sehemu kubwa ya mikungumanga iling'olewa. Mkungumanga hauzai mwaka wa pili wala wa tatu. Hungojewa miaka saba hivi. Wakulima wengi waligeukia kakao na ndizi, na wengine hawakurudi shambani kabisa. Ndiyo sababu ghala lililojengwa kwa ajili ya mavuno makubwa huonekana leo na trei nyingi tupu, jambo ambalo mgeni asiyeambiwa hulichukulia kuwa ni uzembe. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga kingine, Beryl, kilivibomoa vibaya visiwa vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, vilivyo sehemu ya nchi hii, na kuijeruhi kaskazini ya kisiwa kikuu.

Kutoka Gouyave basi hufuata bahari hadi Sauteurs. Nyuma ya kanisa Katoliki la hapo kuna jabali linalodondoka moja kwa moja majini. Mwaka 1651 kundi la wenyeji wa asili, ambao Wazungu waliwaita Wakaribi, lilifukuzwa na askari wa Kifaransa hadi ukingoni, na likaona heri kujirusha kuliko kukamatwa. Kundi la watalii hupewa hapo dakika kumi hivi. Wengine hupiga picha ya mandhari na kurudi kwenye kiyoyozi. Ni kituo kinachomtegemea mwongozaji peke yake, maana hakuna cha kuonyesha ila mwamba na maji.

Shamba la Belmont, lililoanza karne ya 17, lina la kuonyesha tele. Mbegu za kakao hufunikwa zichachuke kwa karibu wiki, kisha hutandazwa juani kwenye majukwaa mapana ya mbao yanayokwenda kwa magurudumu juu ya reli, ili mvua ikinyesha yasukumwe chini ya paa mara moja. Wafanyakazi huzigeuza mbegu kwa miguu, wakiburuza nyayo mistari kwa mistari, na wageni hualikwa kujaribu. Huo ndio wakati kamera zote hutoka. Chokoleti yenyewe hutengenezwa hukohuko kisiwani tangu 1999, ilipoanzishwa kampuni ya Grenada Chocolate Company, na wageni huionja kuanzia yenye asilimia 60 ya kakao hadi ile chungu ya asilimia 100, ambayo watoto huitema. Yafaa kukumbuka kwamba mashamba kama haya yalifunguliwa kwa jasho la Waafrika waliotekwa na kuuzwa, na wananchi wengi wa Grenada ni kizazi chao. Mwongozaji mmoja hulisema hilo wazi, mwingine hulipita kwa mzaha ili asiwaharibie wageni siku. Wasafiri makini hulalamika zaidi juu ya huyu wa pili.

Karibu na hapo kuna kiwanda cha ramu cha River Antoine, ambacho kimekuwa kikifanya kazi tangu 1785 na hakionyeshi haraka ya kubadilika. Gurudumu la maji huzungusha kinu cha kukamua miwa. Makapi yake hukaushwa na kuwa kuni. Juisi huchemshwa kwenye masufuria makubwa yaliyojengewa, na mfanyakazi huihamisha kutoka moja hadi jingine kwa upawa mrefu, kisha huachwa ichachuke yenyewe kwenye mapipa ya saruji. Kinachotoka mwisho kina kilevi cha asilimia 75. Kwa kuwa vinywaji vinavyozidi asilimia 70 haviruhusiwi ndani ya ndege hata kwenye mzigo mkubwa, kiwanda hutengeneza pia ramu ya asilimia 69 kwa ajili ya wasafiri. Baada ya kuonja, gumzo ndani ya basi hupanda ghafla na anayesimulia huko mbele hasikiki tena.

Chakula cha mchana hutegemea bei ya ziara, na hapa ndipo manung'uniko huanza. Mlo wa taifa huitwa oil down: mashelisheli, nyama au samaki wa chumvi, majani ya majimbi na manjano, vyote vimepangwa sufuriani na kupikwa kwa tui la nazi mpaka tui likauke na kubaki mafuta yake. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki angeketi na kula bila kuuliza. Lakini mlo huu hutaka muda na watu wengi, kwa hiyo makundi mengi huishia kupewa kuku, wali na saladi, na kurudi nyumbani yakiwa yamelisikia tu jina.

Safari ya kurudi hupanda msitu wa Grand Etang, ambako ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano mita 530 juu ya bahari. Juu huko kuna baridi, na ukungu huweza kulifunika ziwa lote, hivyo wapo waliofika na wasilione. Hapo huishi kima aina ya mona, wazao wa kima walioletwa kutoka Afrika Magharibi nyakati za biashara ya utumwa. Dereva huita, huonyesha ndizi, na mnyama akishuka hupanda hadi begani kwa mgeni. Picha hiyo hupendwa, ingawa kumzoeza mnyama wa porini kula mkononi mwa watu ni tabia mbaya ambayo ingefaa iachwe. Milima hiyohiyo ndiyo iliyomficha Julien Fedon, aliyeongoza uasi dhidi ya Waingereza mwaka 1795 na ambaye hawakumtia mkononi kamwe.

Kwenye maporomoko ya Annandale, upande wa kushuka, vijana hujirusha kutoka juu ya mwamba hadi kwenye bwawa, na bakshishi hutarajiwa. Kinamama huuza mikufu ya viungo: kungumanga, mdalasini, karafuu na tangawizi zilizotungwa kwenye uzi. Wageni waliochoka na wachuuzi huiona kama usumbufu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha ya ziara iliyolipiwa melini haifiki mikononi mwa wakazi wa njiani, na mkufu mmoja ni njia fupi ya kuifikisha.

Kituo cha mwisho kwa kawaida ni ngome ya Frederick, iliyomalizika 1791 juu ya mji. Mizinga yake imeelekezwa bara badala ya baharini, kwa sababu mwaka 1779 Wafaransa waliwapiga Waingereza kwa kutokea nyuma, nchi kavu. Kutoka hapo huonekana bandari, paa nyekundu za mji, na ngome ya George ng'ambo ya pili. Ndani ya ngome hiyo, tarehe 19 Oktoba 1983, Waziri Mkuu Maurice Bishop, aliyeshika madaraka kwa mapinduzi ya Machi 1979, aliuawa kwa risasi pamoja na wenzake na wanajeshi wa kundi lililompinga ndani ya chama chake mwenyewe. Miili yao haijapatikana hadi leo. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yalivamia. Namna ya kulisimulia tukio hilo hutofautiana basi kwa basi: kwa mwongozaji mmoja ni uvamizi, kwa mwingine ni uokozi, na wazee wengi wana ndugu upande huu na upande ule. Tarehe 25 Oktoba huadhimishwa kama siku ya shukrani, na uwanja wa ndege, ambao Wakuba walisaidia kuujenga wakati wa Bishop, tangu 2009 unaitwa kwa jina la Bishop. Anayetaka kuielewa Grenada na auulize wakati huo, basi likiwa limesimama, kwa adabu.

Malalamiko ya jumla hayabadiliki sana. Vituo ni vingi na dakika ni chache. Walioketi nyuma hawasikii. Kona za milimani huwatapisha wasiozizoea, na dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka, si baada. Kundi la watu kumi na wawili hupata majibu ambayo kundi la arobaini halitayapata, hata kama bei ni ileile. Waliolala kisiwani wana njia nyingine pia: mabasi madogo ya abiria yanayotoka kituo kikuu cha St. George's hadi Gouyave, Sauteurs na Grenville kwa nauli ndogo, yenye konda na muziki wa juu, ambamo abiria anayetaka kushuka hugonga bodi. Mabasi hayo hupungua baada ya jioni kuingia, na Jumapili ni machache mno, kwa hiyo anayekwenda Gouyave Ijumaa usiku kula samaki wa mtaani hupanga mapema na dereva wa kumrudisha.